Funga Ngamia Kwanza



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wa Kikoneni, nawe msomaji uliye nyumbani na wazazi wako, mwezi huu kila mtu ana dua ya safari. Huyu aomba umra, huyu masomo Madina, huyu kazi Qatar au Saudia. Dua ni njema. Lakini nakuuliza: cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?

Tutazame hijra. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ahadi ya Mola wake, na bado safari ile ilipangwa. Abubakar (r.a.) aliandaa ngamia wawili mapema. Abdullah bin Urayqit akakodiwa aonyeshe njia. Asmaa akafunga chakula kwa mshipi wake. Ali akabaki Makka kurudisha amana za watu. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba, alifundishwa afunge kwanza, kisha ategemee.

Kamba ya zama zetu ni karatasi, na wanaojua thamani yake ni majirani zetu. Wamakonde walioletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge walizaa na kuzikana hapa Kwale bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na 2017 ndipo wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa pwani yetu walingoja hadi 2023. Miaka yote hiyo mvuvi alitaabika kupata leseni, hakuweza kufungua akaunti benki, na pasipoti ya kwendea Hija ilikuwa ndoto. Wao walinyimwa. Sisi njia tunayo, na tumelala!

Katiba ya 2010, kifungu cha 12, yampa kila raia haki ya pasipoti. Lakini haki hiyo ina ngazi, huwezi ruka: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, halafu pasipoti. Mzazi, mtoto akipita miezi sita hujamwandikisha, usajili wake wahesabiwa wa kuchelewa, na ushahidi unaotakiwa waongezeka. Kijana, ombi la pasipoti hujazwa kwenye mtandao wa eCitizen, kisha unakwenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji, kama ile ya Mombasa, upigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Angalia majina. "Mohamed" hapa, "Muhammad" pale: kwetu sisi ni mtu mmoja, kwa mashine ni wawili. Na ukishaipata pasipoti, usingoje muda wake ukaribie kwisha. Nchi nyingi hutaka ibaki na miezi sita.

Sasa sikizeni hili. Kuna familia zinazokubali wakala aongeze umri wa binti ili apite haraka aende Arabuni. Jamani, tumefundishwa kwamba asiyeacha kauli ya uongo, Allah hana haja na kuacha kwake chakula. Cheti cha kughushi si kauli ya uongo? Na binti huyo akipatwa na dhiki huko, ubalozi utamtafuta mtu asiyekuwepo. Mama atalia kwa jina moja, na daftari litakuwa na jina jingine.

Hata Tanga, tulikooleana na tunakozikana, harusi ya binamu si udhuru wa kupita njia za panya. Mpaka wa Lunga Lunga uko pale, pita na karatasi zako mchana kweupe.

Basi usiku huu, baada ya tarawehe, fungueni ule mfuko wa karatasi, mzee na vijana pamoja. Someni jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Palipo na kasoro pajulikane leo, kabla tiketi haijakatwa. Nakala ziachwe kwa wazazi.

Allah atujaalie safari za kheri, na marejeo ya salama. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.