Kura na Sauti: Hotuba kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi Juu ya Kutayarisha Mikutano



Mkutano Mkuu ndio wenye madaraka ya mwisho katika chama cha ushirika. Hapo hesabu hupokewa, Kamati huchaguliwa na makisio hupitishwa. Tangu waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, ushirika umesimama juu ya msingi wa mtu mmoja, kura moja. Lakini mwanachama anayenyosha mkono kupitisha hesabu asizozielewa ametoa kura bila ya sauti. Baadaye aonapo makato katika malipo ya mazao yake, huambiwa kwamba aliyakubali mwenyewe.

Mwaka 1983 Mmarekani Harrison Owen alitayarisha mkutano wa kimataifa kwa muda wa mwaka mzima. Ulipokwisha, ilidhihirika kwamba kilichowafaa watu zaidi ni mazungumzo ya wakati wa kahawa. Kwa hiyo mwaka 1985, huko Monterey, California, mkutano mwingine haukuwa na ratiba iliyotungwa mapema. Wajumbe walikaa kwa duara. Kila mwenye jambo aliliandika, akalitangaza, akalibandika ukutani pamoja na saa na mahali pa kulizungumzia. Wenye kulijali wakamfuata huko.

Utaratibu huo hauwezi kushika nafasi ya Mkutano Mkuu, ambao sharti uwe na taarifa, akidi na ajenda kwa mujibu wa masharti ya chama. Waweza, hata hivyo, kuutangulia. Katibu na abandike muhtasari wa hesabu ghalani siku kadhaa kabla ya mkutano, kwa maneno mepesi: kilo zilizopokewa, bei iliyolipwa, kila kato na sababu yake. Asubuhi ya mkutano, wanachama wagawanyike katika makundi ya watu wanane au kumi, wajumbe wa Kamati wakiwa kando, ili mnyonge naye apate kusema. Kila kundi lichague msemaji na kuandika maswali mawili. Maswali hayo yajibiwe mbele ya wote kabla ya kura kupigwa, na majibu yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano.

Saa moja itatumika. Saa hiyo si hasara, maana shaka isiyosemwa mkutanoni husemwa njiani, mahali ambapo Katibu hayupo kuijibu. Wahenga walinena: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ni wajibu wa chama kumpa mwanachama nafasi ya kuuliza.