KARAKANA YA BAISKELI NYUMBANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mukumu



Halmashauri imeniagiza niseme mbele yenu juu ya kazi ya kutengeneza baiskeli, na hasa juu ya kijana anayetaka kuianzisha kazi hiyo katika boma la wazazi wake. Sababu ya agizo hili mnaijua. Maombi ya mikopo kwa ajili ya kazi za mikono yamo mbele ya Chama, na kabla Mkutano haujakata shauri yafaa tujue fedha za namna hii huenda wapi, na hupotelea wapi. Nitasema kwanza kama kazi yenyewe ingali ipo. Kisha nitasema juu ya mahali, vyombo na utengenezaji. Na mwisho nitaligusa jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, yaani fedha na jamaa wa nyumbani.

Je, Baiskeli Ingali na Kazi?

Wako wanaosema kwamba siku za baiskeli zimekwisha, na maneno yao hayakosi msingi. Jina la boda boda lilizaliwa kwa baiskeli, huko Busia, katika miaka ya 1960, wenye baiskeli walipokuwa wakichukua watu na mizigo kati ya upande wa Kenya na upande wa Uganda. Baadaye kazi hiyo ikaenea mpaka kwetu. Lakini mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, zile zisizofikia sisi 250. Pikipiki zikaongezeka upesi, abiria wakazihamia, na fundi aliyekuwa akikaa stendi akingoja baiskeli za abiria akapoteza wateja wake wakubwa.

Hata hivyo, kuchukua abiria si kazi yote ya baiskeli. Mtu akisimama alfajiri kando ya barabara ya Kakamega na Kisumu ataona maziwa, mikate, ndizi, kuni na magunia ya mkaa yakipita juu ya magurudumu mawili. Baiskeli haili petroli, na mwenye shamba dogo aweza kuinunua bila kujifunga kwa deni la miaka. Tena baiskeli mpya zingali zikiingia. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, limekuwa likitoa katika sehemu hizi za magharibi ya Kenya baiskeli nzito za Buffalo, zilizoundwa kwa kubeba mizigo na kwa njia mbovu, na wengi waliozipokea ni wanafunzi wakaao mbali na shule.

Basi kazi haikufa, imehama. Zamani mteja alikuwa stendi, leo yuko kijijini: ni muuza maziwa, ni mwanafunzi, ni mama apelekaye mahindi kusagwa. Gurudumu lake likipinda hawezi kulibeba kichwani mpaka mjini Kakamega. Kwa hiyo karakana iliyo katika boma, karibu na njia, imepata nafasi ambayo haikuwa nayo hapo kwanza.

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza watoto wanaomaliza shule wataelekea wapi. Kutokana na swali hilo zikaanzishwa shule za ufundi za vijijini. Swali hilo lingali nasi hapa Mukumu. Shule zetu, zilizoanza kwa kazi ya wamisionari wa Mill Hill, hutoa vijana kila mwaka, na si wote watakaopata nafasi ya ofisini.

Mahali pa Karakana

Haihitajiwi nyumba ya matofali. Kibanda cha mabati machache chatosha, lakini kiwe na mambo manne. Kwanza, kiwe upande wa njia, ili mgeni asipite katikati ya ua akawasumbua watu wa nyumbani. Pili, sakafu iinuliwe na kushindiliwa, maana mvua za Kakamega ni nyingi na hunyesha zaidi alasiri, wakati ambapo kazi imekolea. Tatu, kiwe mbali na jiko, kwa kuwa fundi huoshea vyuma kwa mafuta ya taa. Nne, kiwe na mlango wa kufuli.

Juu ya kibanda iwekwe boriti madhubuti yenye kamba mbili, moja ya kushika usukani na ya pili ya kushika kiti. Baiskeli ikiisha kuning'inizwa hivyo, magurudumu yote mawili huzunguka bila kugusa chini, na fundi hufanya kazi akiwa amesimama au ameketi kwenye kigoda. Kamba hizo hufanya kazi ya stendi ya chuma, nayo stendi ni ghali.

Vyombo vya Kununua Kwanza

Kosa la wengi ni kununua vyombo vingi kwa mara moja, vingine visiguswe mwaka mzima. Vya kwanza ni vya pancha: pampu nzuri, vyuma bapa vitatu vya kutolea tairi, beseni, msasa, mkasi na gundi. Kwa hivi peke yake kijana aweza kuanza kupata senti. Vya pili ni spana za kutosha nati za baiskeli, pamoja na spana nyembamba za koni, bisibisi, koleo, nyundo na tupa. Vya tatu ni spana ya spoki na chombo cha kusukumia pini ya mnyororo. Jiriwa ya kufungwa mezani yaweza kungoja mpaka faida iinunue.

Katika vipuri pia asianze na vingi. Baiskeli nyeusi tulizozizoea, kama vile Raleigh ya Uingereza, Hero ya Bara Hindi na Phoenix ya China, zilifuata mtindo mmoja wa zamani wa Kiingereza, na vipuri vyao vingi huingiliana. Tyubu chache za inchi 28, mipira ya breki, spoki, gololi, mipira ya vali na grisi vitamtosha kuanzia.

Namna ya Kazi

Sitaki kuwafundisha mafundi kazi yao, ila nitataja mambo machache yanayomtenga fundi na mbahatishaji.

Pancha. Tyubu ikitiwa majini, mapovu huonyesha tundu. Hapo pasuguliwe kwa msasa, pakaushwe, pakwe gundi nyembamba, kisha fundi asubiri mpaka gundi iache kung'aa. Hapo ndipo kiraka hushika. Mwenye haraka hubandika juu ya gundi mbichi, na mteja hurudi jioni akiwa na hasira. Tena kabla tyubu haijarudishwa, tairi ipapaswe ndani polepole kwa vidole. Mwiba uliotoboa jana ukibaki humo utatoboa tena kesho.

Gololi. Tope letu jekundu huingia katika habu na kusaga chuma. Kwa kawaida gurudumu la nyuma la baiskeli hizi huwa na gololi 9 kila upande, za robo inchi. La mbele huwa na 10 kila upande, ndogo zaidi. Na ekseli ya kati iliyo kwenye krenki huwa na 11 kila upande. Fundi azihesabu anapofungua na azihesabu anapofunga. Moja ikivunjika, zibadilishwe zote za upande huo, kwa sababu mpya na kuukuu hazilingani ukubwa, na ile iliyo kubwa ndiyo hubeba mzigo wote. Koni zikazwe mpaka gurudumu liache kucheza, lakini lizunguke kwa wepesi.

Mnyororo. Pini hadi pini ni nusu inchi, basi vipande 24 vya mnyororo mpya hupima inchi 12 kamili. Vikifika inchi 12 na moja ya nane, mnyororo umekwisha, na ukiachwa utakula meno ya gurudumu la mnyororo. Na ikumbukwe kwamba pedeli ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha ile ya kulia. Wengi wameharibu krenki nzima kwa kutojua jambo hili dogo.

Breki. Hapa si fedha tu iliyo hatarini, bali uhai. Rimu ya chuma ikilowa maji, mpira wa breki haushiki vizuri, na barabara yetu kwenda Kisumu hushuka mteremko mkali wa Nyang'ori. Mtu mwenye gunia nyuma yake hawezi kusimamishwa hapo na miguu. Kwa hiyo iwe sheria ya karakana kwamba baiskeli yoyote iliyoletwa, hata kwa pancha, ikaguliwe breki kabla ya kutoka. Ikiwa mwenyewe hana fedha za mipira mipya, aambiwe hatari yake waziwazi mbele ya mtu wa pili.

Nyumba na Karakana

Sasa nafika kwenye jambo langu kubwa. Karakana ya nyumbani haiuawi kwa kukosa vyombo wala kwa kukosa wateja. Mara nyingi huuawa na nyumba yenyewe, tena bila nia mbaya ya mtu yeyote.

Tuseme kijana amenunua tyubu kwa shilingi 300, akaiuza na kuifunga kwa shilingi 400. Mkononi ana shilingi 400, lakini zilizo zake ni 100 tu. Zile 300 ni tyubu ya mteja wa kesho. Jioni mama aona unga umekwisha, aomba shilingi 200, naye mtoto mwema hawezi kumnyima mama yake. Kesho mteja aja, tyubu hakuna, aenda kwa mwingine na harudi tena. Halafu mjomba aja na gurudumu lake, ataka spoki tano kwa undugu. Kaka aazima spana, ikapotelea shambani. Ndugu mwingine achukua baiskeli ya mteja kwenda matangani, airudisha rimu imepinda. Baada ya miezi michache kibanda hufungwa, na watu husema kijana yule ni mvivu.

Wazee wangu, kijana hawezi kuyazuia haya peke yake. Desturi zetu humkataza kumwambia baba hapana, na desturi hizo ni njema. Ndizo zilizotulea sote. Basi neno la kuzuia lazima litoke kwa baba mwenyewe, na kwa mama, kabla spana ya kwanza haijanunuliwa. Boma lote likubali mambo matatu.

La kwanza, pawe na makopo mawili. Moja la fedha za vipuri, lisiloguswa kwa njaa wala kwa harambee. La pili la ujira, ambalo kijana hulisaidia boma kutoka humo kwa kadiri walivyopatana. La pili, kila mtu alipe kipuri, hata mzazi. Kazi ya mikono kijana aweza kuwatolea wazazi wake na wazee wake bure, kwa heshima, lakini tyubu imenunuliwa dukani, nayo itanunuliwa tena. La tatu, baiskeli ya mteja isipandwe na mtu wa nyumbani hata siku moja.

Pamoja na hayo pawe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Humo yaandikwe tarehe, jina la mwenye baiskeli, namba iliyopigwa kwenye fremu, ubovu wake, na bei waliyopatana. Namba ya fremu ni kinga ya fundi. Mtu asiyejulikana akileta baiskeli usiku ibadilishwe rangi au ivunjwe vipuri, fundi akatae, na amwarifu Naibu wa Chifu. Karakana ikisikika mara moja tu kwamba ni maficho ya mali ya wizi, jina baya halitamwacha kijana, wala boma lake.

Ninayoyaomba kwa Mkutano

Bwana Mwenyekiti, kwa sababu hizi naomba Mkutano uyafikirie mapendekezo manne. Kwanza, Chama kisikopeshe fedha taslimu kwa kazi hii, bali kikopeshe vyombo, vipigwe alama, viwe mali ya Chama mpaka deni liishe. Pili, asitie sahihi kijana peke yake. Mwenye boma atie sahihi pamoja naye, mbele ya mzee wa kijiji, kwamba ameyakubali yale mambo matatu. Tatu, mjumbe mmoja wa Halmashauri alitazame daftari kila mwisho wa mwezi kwa mwaka wa kwanza, kwa nia ya kushauri. Nne, binti zetu wasiachwe nje. Kuhesabu gololi na kunyosha gurudumu kwataka uvumilivu kuliko nguvu, na binti anayefanya kazi katika boma la wazazi wake hufanya mahali pa salama.

Najua pendekezo la pili litawaonea vigumu baadhi ya wazee, maana ni kama kumfunga baba kwa maandishi nyumbani mwake. Naomba tulitazame kwa njia nyingine. Mzee anayetia sahihi ile anamjengea mwanawe ukuta ambao mwana hana mamlaka ya kuujenga mwenyewe. Chama chaweza kutoa spana na pampu, lakini ukuta huo hautoki katika sanduku la Chama. Watakaouweka ni ninyi mlioketi hapa.