Kubadilisha Plagi ya Pikipiki

Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Ikichoka, pikipiki huwa ngumu kuwaka, hukosakosa mwendoni na hula mafuta.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa, kwa sababu hedi ya silinda ni ya aluminiamu na hesi zake huharibika upesi zikiwa za moto. Huvutwa kofia ya plagi yenyewe, si waya. Kisha vumbi lililozunguka plagi hupulizwa lisije likadondokea ndani ya silinda, ndipo plagi ifunguliwe kwa spana yake.

Plagi ya zamani hueleza hali ya injini. Kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu huonyesha kuwa petroli imezidi au chujio la hewa limeziba. Ikilowa oili, huenda ringi za pistoni zimechoka. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inapata joto kupita kiasi.

Plagi mpya iwe na namba iliyotajwa na mtengenezaji wa pikipiki. Mwanya kati ya ncha zake hupimwa kwa fila, yaani kipimo cha vibati vyembamba. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.9. Hufungwa kwa vidole mpaka ikae, kisha spana huongeza nusu mzunguko hivi ili washa (pete ya chuma iliyo shingoni mwa plagi) ibonyee. Ikigoma mkononi, irudishwe nyuma na kuanzwa upya. Isilazimishwe kwa spana: hesi ya hedi ikifa, hasara yake hupita mbali bei ya plagi.