Kuupokea Ufalme Kama Mtoto
(Maneno waliyoambiwa Wakristo na waalimu siku ya Yubile)



Siku ya Yubile watu huhesabu makanisa, shule, na waliobatizwa. Hesabu hiyo ni njema, nasi yatupasa kumshukuru Mungu kwayo. Lakini wanafunzi walipomwuliza Bwana ni nani aliye mkuu, hakuwaonyesha jengo wala hesabu. Alimwita mtoto mdogo, akamsimamisha katikati yao.

Wako wadhanio ya kuwa moyo wa kitoto ni moyo usiojua mambo. Basi na tukumbuke mwanzo wa kazi ya Misheni katika Unguja. Askofu Tozer na Padre Steere walipofika mwaka 1864, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano, waliotolewa katika jahazi la watumwa, wakapewa na Sultani Majid. Watoto hao walikuwa wamekwisha kuyaona mabaya kuliko wazee wengi. Kwao mkono wa mtu mzima ulikuwa mkono wa kukamata. Sasa wakanyoshewa mkono mwingine, nao ikawapasa kujifunza kuushika. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Kutumaini, basi, si kutoyajua mabaya. Ni kuyajua, na hata hivyo kumpa Baba mkono.

Tazameni tena unyenyekevu. Steere alikuwa mtu wa elimu kubwa, aliyesomea sheria. Lakini alipofika Unguja alikaa mbele ya wenyeji kama mwanafunzi, akiuliza maneno, akikubali kusahihishwa. Mwaka 1870 kikatoka kitabu chake cha kufundisha Kiswahili, na kazi ya kufasiri Maandiko ikaendelea. Kama angaliona haya kukosea mbele ya watu, angalikaa bubu.

Waalimu, neno hili ni letu. Ashikaye chaki husahau upesi ya kuwa naye ni mwanafunzi. Mtoto akikuuliza usilolijua, ni rahisi kumkaripia kuliko kusema, “Sijui, na tutafute pamoja.” Wanafunzi wa Bwana nao waliwakemea walioleta watoto, naye akachukizwa. Mwalimu afichaye ujinga wake kwa ukali huufunga mlango alioufungua Bwana.

Wala unyenyekevu si kujidharau. Mtoto hasemi, “Mimi si kitu.” Husema, “Mama, nina njaa,” wala hana shaka ya kuwa atasikiwa. Na sisi tuombe hivyo: tusijisifu kwa yaliyotendeka, wala tusikate tamaa kwa yaliyosalia.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo, siku ya Noeli, likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa. Mahali watoto walipouzwa kwa bei, watu walimsifu Mungu siku ya kukumbuka ya kuwa yeye mwenyewe alikubali kuwa mtoto, akabebwa mikononi mwa mama. Ikiwa Bwana hakuona haya kuwa mdogo, sisi tunatafuta ukuu gani?

Mungu Baba atupe moyo wa kumtumaini, na masikio ya kufundishwa, leo na siku zote. Amina.