Banda Linalopumua

Leo nazungumzia banda la kuku, lile unaloweza kulijenga kwa mikono yako nyuma ya nyumba, hata hapa Kimihurura, Kigali, ambako viwanja vimebanana mlimani, paa la mmoja likiwa usawa wa uwanja wa mwenzake.

Banda langu la kwanza nililiziba kwa mbao pande zote nne. Nilihofia baridi ya usiku, nikahofia na vicheche. Haukupita muda kuku wakaanza kukohoa na kutokwa machozi. Ukiinama mlangoni, harufu ya kinyesi ilichoma pua. Kumbe kuku aliyekwisha kuota manyoya yote anaumudu usiku wa Kigali. Kinachomuua ni unyevu na hewa chafu. Jirani wa chini alivumilia kadiri alivyoweza, mwisho akaja kupiga hodi, na haki ilikuwa yake.

Nikabomoa, nikajenga upya. Sasa mbao zinaishia magotini. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni wavu mtupu. Banda limelazwa mashariki kwa magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja. Kwa tetea 10, mita 2 kwa mita 1.25 zinatosha. Viota 2, na ufito mmoja wa kulalia wenye mita 2. Ufito huo uuweke juu kuliko viota, la sivyo watalala viotani na mayai yote yatachafuka. Jogoo si lazima: tetea hutaga bila yeye, na mtaa ukalala.

Kwenye wavu usibane pesa. Ule mwepesi wenye matundu ya pembe sita humzuia kuku kutoka, lakini mbwa anauchana. Nunua wa chuma uliochomelewa, matundu madogo, na ncha yake uifukie ardhini. Mbao na maranda ya kutandika sakafuni utayapata kwenye soko la Gakinjiro, Gisozi. Kisha chimba mfereji upande wa juu kabla ya mvua za Machi, maana maji ya aliye juu yako yatapita kwako. Maranda yakilowa, yatoe siku hiyo hiyo.

Banda zuri halizuii mdondo. Ugonjwa huo unaweza kumaliza kuku wote kwa siku chache, na hauna dawa ila chanjo. Mwone daktari wa mifugo wa sekta yako akupangie ratiba, na usiruke hata tarehe moja.

Kwa nini nasisitiza ufugaji huu? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019-20 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Yai ni chakula ambacho mama anaweza kukiokota uani asubuhi na kumpa mtoto kabla hajatoka. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko uzuri wa bustani zetu.

Basi, msikilizaji, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, umuganda, ile kazi yetu ya pamoja, ukiisha na watu wakikaa kikao, simama. Waambie majirani unataka kufuga, waulize viongozi wa mudugudu, yaani kijiji chenu, kinachoruhusiwa hapo ulipo, na umsikilize hasa yule anayeishi chini yako. Ukishakubaliana nao, nenda kanunue misumari.