Kiboko na Ukimya wa Kijana



Hoja yangu jioni hii ni moja: kiboko humfundisha mtoto kuficha, na kijana aliyezoea kuficha hukosa msaada siku anapouhitaji zaidi.

Kanuni za mwaka 2002 za Tanzania Bara zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu tu. Visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na viandikwe daftarini. Sasa mtazameni binti aliyetumwa maji alfajiri akachelewa mstarini. Mwalimu wa zamu anamchapa getini pamoja na wachelewaji wenzake. Haulizwi sababu, wala hakuna kinachoandikwa. Darasani anakosea hesabu ubaoni, anachapwa tena, na tangu hapo hanyooshi mkono. Akifika kidato cha pili, akasumbuliwa na mtu mzima njiani, atamwambia nani?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2016, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walichambua tafiti 75 zilizohusu watoto wapatao 160,000. Kuchapwa kulihusiana na ugomvi, matatizo ya afya ya akili na uhusiano mbaya na wazazi. Faida ya kudumu haikuonekana.

Wapo watakaosema mtoto mtundu ndiye anayechapwa. Ni kweli, utundu huvuta fimbo. Lakini tafiti zinazowafuatilia watoto mwaka hadi mwaka zinaonyesha kuwa, hata tukizingatia tabia waliyoanza nayo, kuchapwa huendana na utundu kuongezeka baadaye.

Wengine watanikumbusha kwamba mcha mwana kulia hulia mwenyewe. Nakubaliana nao. Mtoto asiyerudiwa huja kuwaliza wazazi. Ila methali hiyo haikutaja fimbo. Inadai mzazi awe na msimamo.

Na walimu wanaweza kubadilika. Wilayani Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziligawanywa katika makundi mawili, moja likapata mafunzo ya kulea nidhamu bila kupiga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa asilimia 31 ya wanafunzi wa kundi hilo walipigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia, na kwa kundi la pili karibu asilimia 49. Bado ni wengi, lakini tofauti hiyo ni ya maelfu ya watoto tukiipeleka nchi nzima.

Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001. Naiomba Serikali yetu ifute kanuni zake, na vyuo vya ualimu vifundishe nidhamu kama somo. Nanyi wazazi, mtoto akikuleteeni kosa lake kwa mdomo wake, msikilizeni mpaka amalize.