Moto Ndani ya Gunia



Ukisafiri kutoka Kitale kwenda Bungoma, utapita mashamba ya mahindi, kisha utaiona miwa ya Nzoia. Je, sukari iliyomo ndani ya muwa imetoka wapi? Haikutoka udongoni. Imepikwa katika jani.

Jani ni kama jiko la mama. Maji huletwa na mizizi. Badala ya unga kuna hewa ya kaboni, iingiayo kwa vitundu vidogo mno. Moto wake ni mwanga wa jua, unaonaswa na ile rangi ya kijani. Chakula kinachopatikana ni sukari, na hewa ya oksijeni hutolewa nje, nasi tukaivuta. Katika mahindi, sukari hiyo hugeuka wanga, ikawekwa akiba ndani ya punje.

Sasa, katika karibu kila chembe hai ya mwili wako mna jiko jingine, dogo sana. Ugali uliokula jana ndio makaa yake. Pumzi unayovuta ndiyo inayoyachochea. Hapo hutoka nguvu na joto, pamoja na maji na hewa ya kaboni, vilevile vilivyoingia katika jani. Basi nguvu ya kuinua jembe leo ni jua la mwaka jana.

Lakini punje nayo ni hai, nayo hupumua. Mwaka mmoja niliogopa mvua, nikayafunga mahindi yangu kabla hayajakauka. Baada ya siku chache nilitia mkono katika gunia, nikakuta joto. Punje mbichi hupumua kwa haraka; huichoma akiba yake, hutoa joto na unyevu, na ukungu hupata makao. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, katika nchi yetu, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa sumu hiyo.

Mnunuzi alikuwa njiani kuja. Nikawaza kuyachanganya na mazuri. Mke wangu akaniuliza, "Baba Yohana, watakaoyala ni watoto wa nani?" Sikuwa na jibu. Tuliyazika.

Ndugu yangu, anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukiwa huna kipimo, tia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yaliyoota ukungu usiyauze, wala usimpe jirani.

Yusufu kule Misri alikumbukwa kwa kutunza nafaka, wala si kwa kuvuna tu. Jua tumepewa bure. Kuitunza akiba yake ni kazi yetu.

Tuombe. Ee Bwana, utupe mikono yenye bidii na mioyo inayomhurumia atakayekula tulichokivuna. Amina.